Meno Manne ya Twalha

Gego la nne lilipotoka, Twalha aliomba kuliona. Alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha Florian, kule Bunda, nusu ya uso imekufa ganzi na mdomoni ameuma pamba. Akanyoosha kiganja. Florian, ambaye mtaa mzima ulimwita daktari, alisita kidogo, kisha akaliangusha kiganjani.

Lilikuwa jeupe. Halikuwa na tundu wala doa, na mizizi yake ilikuwa mizima kama ya mti uliong'olewa baada ya mvua.

"Limeoza wapi?" Twalha aliuliza, maneno yakipita kwa shida kwenye pamba.

"Limeozea ndani," Florian alijibu huku akinawa mikono. "Likiozea ndani huwaga halionekani kwa macho. Nenda nyumbani, leo utalala."

Hakulala. Ganzi ilimtoka akiwa njiani kurudi Musoma, na alipofika kwake Nyakato maumivu yalikuwa yamerudi palepale pa siku zote: nyuma ya taya la kulia, yakipanda sikioni hadi kipajini, yakishuka shingoni. Jino halikuwepo tena, lakini pengo lilikuwa linauma kama jino.

Twalha alikuwa fundi sofa. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, mzee Abdulkadiri, na hakuna aliyemzidi kwa kuvalisha kiti mkoa mzima, au ndivyo alivyoamini mwenyewe. Ukimletea kiti kilichochoka, anakivua kitambaa, anabadilisha sponji, anakaza fremu, kisha anakivalisha upya. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa kikaze, wa kulia unashika nyundo. Misumari midogo haina pa kukaa ila mdomoni. Twalha alikuwa anajaza misumari mdomoni asubuhi, anaitema mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, na ikifika mahali pa kukaza uzi anaung'ang'ania kwa meno. Alifanya hivyo tangu akiwa kijana, na hakuwahi kuona kwamba ni jambo la kumwambia mtu.

Maumivu yalimkuta Bunda, akivalisha viti vya nyumba ya wageni. Mwenye nyumba ndiye aliyemwelekeza kwa Florian, nyuma ya soko. Gego la kwanza lilipotoka, Twalha alipata nafuu karibu juma zima, na nafuu hiyo ndiyo iliyomponza. Maumivu yaliporudi aliamini Florian alipomwambia kwamba ugonjwa umehamia jino la jirani. Akang'oa la pili. Akang'oa la tatu. Tena baada ya la tatu, kwa shukrani, alikishona upya kile kiti cha wagonjwa kilichokuwa kimechanika, bure kabisa, kwa ngozi bandia nyeusi na sponji nzito. Fikiria hilo. Mtu anakung'oa meno mazima, nawe unamtengenezea kiti kizuri ili wenzako wakalie.

Nyumbani mambo yaliharibika. Mke wake, Sabiha, alikuwa anamsongea ugali mlaini na kumchambulia sato mpaka asibaki na mwiba, naye anaumeza bila kutafuna, macho yamemtoka. Binti yao Tausi alijifunza kuacha kucheka baba yake akiingia. Sahani ikigongana na sufuria, Twalha anafoka. Jirani akisalimia kwa sauti, Twalha anageuka pembeni.

Alikwenda kwa daktari mmoja wa kweli, akapigwa picha. Daktari akaitazama kwenye mwanga na kusema, "Hakuna kitu hapa. Una mawazo mengi, mzee. Punguza mawazo."

"Mawazo gani?" Twalha aliuliza. "Mimi mawazo yangu ni hili taya."

Daktari alishamwita mgonjwa mwingine.

Hilo neno, mawazo, lilimkaa kooni. Kila aliyeambiwa habari ya taya lake sasa alikuwa na jibu. Shemeji yake alisema amerogwa na mafundi wenzake. Mwingine alisema anadeka. Naye akaona bora anyamaze, akaanza kununua vidonge kwenye duka la dawa: diklofenaki asubuhi, diklofenaki jioni, mwisho akawa anavitupia mdomoni kama karanga, mara nyingi tumbo likiwa tupu kwa sababu kula kulikuwa mateso. Vilimsaidia mpaka siku alipotapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa na kuanguka karakanani juu ya lundo la sponji.

Alilazwa. Daktari wa wodini, mwanamke asiye na maneno mengi, alimwambia, "Vidonge hivi usiviguse tena maisha yako. Tumbo limechimbika."

"Sasa nitaishije na taya?"

"Kuna mtaalamu kwenye hospitali ya misheni, upande wa Butiama. Anaitwa Dorkas. Anatibu maumivu ya muda mrefu bila dawa."

"Bila dawa," Twalha alirudia, akamgeukia Sabiha. "Umesikia, Mama Tausi? Nimetapika damu, sasa wananipeleka kwenye maombi."

Alikwenda kwa sababu Sabiha alimwambia asipokwenda ataondoka yeye.

Dorkas alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Kiabakari, mwenye mikono mikubwa kama ya mlimaji. Hakuuliza habari ya mawazo. Alimwambia afungue mdomo. Vidole viwili vilipita kwa shida. Kisha akaweka vidole shavuni, mbele kidogo ya sikio, akabonyeza. Twalha aliruka nusura aanguke.

"Hapo! Hapohapo!"

"Hapa ni msuli, baba," Dorkas alisema. "Sijagusa jino."

Akabandika vibandiko vidogo shavuni na kipajini, kila kimoja na waya wake, nyaya zikaingia kwenye kimashine kisichozidi redio ya mfukoni. Kikaanza kulia, sauti nyembamba, kali, kama ya mbu aliyeingia sikioni.

"Mbona kinalia?"

"Umekaza meno."

"Sijakaza."

"Kinasikiliza msuli tu, baba, hakikusemi vibaya. Fumba midomo, lakini meno yaachanishe. Ulimi ulale. Pumua kwa tumbo, polepole."

Twalha alifanya hivyo huku akimdharau. Sauti ikashuka. Alishtuka, akakaza meno makusudi, ikapanda. Akaachia, ikashuka tena, safari hii mpaka ikawa ngurumo nzito ya chini. Alirudia tena na tena, kama mtu aliyepewa ufunguo wa mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Dorkas akamweleza. Msuli wa taya ulifundishwa kukaza mchana kutwa, ukazoea, ukawa unakaza hata akiwa amelala au ameketi tu. Msuli uliochoka unauma, na ukiuma muda mrefu mishipa ya fahamu inazoea kupiga kelele hata kwa jambo dogo. Maumivu yanamfanya akaze zaidi, naye akikaza yanaongezeka.

"Kwa hiyo ni mawazo," Twalha alisema kwa uchungu.

"Nani kasema? Maumivu yako ni ya kweli. Hujayatunga. Ila kama mwili ulijifunza kukaza, unaweza kufundishwa kuachia."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Alikitazama kimashine. Ndipo sauti yake ikaanza kupanda yenyewe.

"Kama ni msuli," alisema taratibu, "meno yangu je?"

Dorkas hakumkwepa. "Sikuyaona kabla hayajang'olewa, siwezi kuapa. Lakini jino zima halitibu msuli."

Mashine ilipiga kelele mpaka mgonjwa aliyesubiri nje akachungulia. Twalha alivibandua vibandiko kwa mkupuo mmoja, akachukua mfuko wake wa kazi, akatoka. Alipofika barabara kuu hakupanda gari la Musoma. Alipanda la Bunda.

Njia nzima alikuwa anayataja yale meno moyoni, moja baada ya jingine, kama marehemu wa familia. Mtu akiwa na maumivu anaweza kuvumilia mengi ikiwa anaamini kilichoondoka kilikuwa kibovu. Sasa hata hilo alikuwa amenyang'anywa.

Kwa Florian alimkuta mkulima mmoja kwenye benchi, Magesa, kajifunga kitambaa shavuni.

"Ndugu yangu, ondoka hapa," Twalha alimwambia. "Huyu mtu si daktari."

Florian akatoka ndani. Alipomwona akatabasamu. "Fundi! Umerudi? Lipi tena?"

"Nimekuja kuuliza. Yale manne ulinitoa kwa ugonjwa gani?"

"Si wewe ulisema yanauma?"

"Nilisema taya linauma!"

"Sasa mimi ningeng'oa taya?" Florian alisema, akamtazama Magesa ili wacheke pamoja. Magesa hakucheka.

Twalha aliingia ndani. Alikiona kile kiti cheusi, mishono yake mwenyewe imenyooka, misumari yake imepangwa mstari mmoja. Akatoa kisu cha kukatia sponji akakipasua kiti kutoka kichwani hadi miguuni. Akachomoa sponji yote, akaitupa barabarani vipande vipande. Watu wa sokoni walipomshika hakuwapiga. Aliendelea tu kukivuta kile kitambaa huku akilia kwa hasira, mate yanamtoka kwa sababu mdomo haukuweza kufunguka vizuri.

Wakapelekwa kituoni wote wawili. Florian alikuwa anazungumza kwa kujiamini: kaharibiwa mali, katishiwa maisha kwa kisu, anataka sheria ichukue mkondo. Askari wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu.

"Sawa, daktari. Tuanze na kibali chako cha kutibu. Unacho hapo?"

Florian akajipapasa mfukoni. Akapapasa mfuko wa pili. Akamtazama Twalha kwa huruma.

"Afande, unajua nini," alisema, "mimi nimeshamsamehe. Huyu ni mgonjwa. Ana mawazo."

Twalha aliruka kutoka kwenye benchi. "Unisamehe mimi? Wewe? Unisamehe nini?"

"Umeona, afande?" Florian akasema kwa upole.

Askari akaweka kalamu chini. Mlalamikaji kasamehe, basi yaishe, kila mtu aende kwake. Na habari ya kibali ikaishia palepale mezani, hakuna aliyeiokota. Twalha alitoka Bunda akiwa amesamehewa na mtu aliyemng'oa meno yake.

Alipofika Nyakato taya lilikuwa limefunga. Hata kijiko cha uji hakikupita. Sabiha alimwandalia kitambaa cha maji ya moto, akamkandamizia shavuni. Kisha maneno yakamtoka kama mtu aliyeyatunza muda mrefu.

"Baba Tausi, na mimi nina hasira. Nilikupikia kama mtoto mchanga. Nilikuvumilia ukinifokea mbele ya wateja. Meno yamekwenda, hayarudi. Sasa unataka umpe Florian na taya? Umpe na karakana? Umpe na mimi?"

 Twalha alitikisa kichwa.

"Basi kesho tunaenda kwa yule mama. Wote wawili."

Dorkas aliwapokea kama watu waliokuwa wametarajiwa. Twalha alipoweza kusema kidogo, la kwanza lilikuwa hili: "Sikuja kusamehe mtu."

"Mimi si padri wala shehe," Dorkas alijibu. "Sijakuita usamehe. Nimekuita uachanishe meno."

Akabandika vibandiko. Kisha akafanya jambo ambalo Twalha hakulitarajia: akamwambia aisimulie habari ya Florian, yote, tangu mwanzo, lakini sauti ya mashine ikipanda anyamaze, aachie taya, apumue, ndipo aendelee.

Hakufika mbali. Jina lenyewe la Florian lilitosha kuiamsha mashine. Siku ile ya kwanza alifika kwenye jino la pili tu, jasho linamtiririka. Sabiha, aliyekaa kando, alisikia ile sauti ikipanda na kushuka, na baadaye alisimulia kwamba siku ile ndipo alipoelewa mume wake alikuwa anabeba nini, kwa kuwa muda wote huo alikuwa anaona ukali tu.

"Hasira yako ni halali," Dorkas alimwambia walipokuwa wanaondoka. "Kasirika. Ila usikasirike kwa meno. Florian hakai shavuni kwako, anakaa Bunda."

Wakaendelea hivyo, juma kwa juma. Dorkas aliuliza kazi inafanywaje, na aliposikia habari ya misumari alifumba macho kana kwamba ameumia yeye. Misumari ikatoka mdomoni. Twalha alichomoa sumaku kwenye spika mbovu, akaifunga kwenye kifundo cha mkono, misumari ikang'ang'ania hapo. Uzi ukakazwa kwa koleo. Kwenye mpini wa nyundo alifunga kitambaa chekundu, na kila akikiona anajiuliza meno yako wapi. Alizoea kupumzika kabla taya halijauma, wala si baada ya kuuma, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu fundi aliyekaa anaonekana mvivu. Usiku alilala chali. Sabiha naye akapewa kazi: akimwona ameanza kununa anauliza neno moja tu kutoka jikoni, "Meno?"

Mwanzoni swali hilo lilimuudhi kuliko maumivu. "Unaniulizaga kama mtoto!" alifoka siku moja.

"Yako wapi lakini?"

Yalikuwa yamekaza.

Baadaye hakuhitaji mashine kusikia. Aliijua ile sauti ndani ya shavu lenyewe, akaweza kuishusha akiwa karakanani, na ndiyo ilikuwa maana ya yote. Maumivu hayakwisha. Yalipungua, yakawa yanakuja na kuondoka kama mgeni badala ya kukaa kama mwenye nyumba. Kuna wiki alizofanya kazi hajayakumbuka, na kuna siku, baridi ikiwa kali au mteja akiwa mkorofi, yalirudi yakamlaza. Ila hakugusa kidonge, na vidole vitatu vilianza kupita mdomoni.

Siku moja Magesa akatokea Nyakato, akimuulizia fundi aliyechana kiti Bunda. Alikuwa ameondoka pale siku ileile akaenda hospitali. Jino lake lilikuwa limetoboka kweli; walilisafisha wakaliziba, na analo mpaka leo.

"Kwa hiyo langu lilikuwa bovu na limebaki," Magesa alisema. "Yako yalikuwa mazima na yameondoka. Twende nikushuhudie."

Wakaenda Bunda kwenye ofisi inayohusika na vibali vya kutibu. Wakaambiwa mhusika yupo kwenye semina. Wakarudi. Wakaambiwa malalamiko yapitie kwingine. Wakarudi tena, na safari hii Sabiha alikuwepo, na Sabiha alikaa mlangoni akasema hatoki. Mwisho wakaguzi wakaenda nyuma ya soko. Walikuta mlango wazi, ndoo, na benchi. Florian alikuwa ameondoka jana yake na vifaa vyake vyote; mtu alikuwa amemtonya.

Chumba kikafungwa. Ndiyo haki yote iliyopatikana. Mwaka haujaisha, wachuuzi wa dagaa wakaleta habari kwamba yupo kwenye kituo kimoja cha wavuvi ziwani, kupita Murangi, anaitwa daktari kama kawaida.

Watu humwambia Twalha aachane naye. "Mshukuru Mungu umepona," wateja wanasema wakijaribu viti vyao. Namna hiyo ya kusema ndiyo inayomuudhi zaidi, kana kwamba mtu akipona deni la aliyemuumiza linafutika.

"Namshukuru Mungu," huwajibu. "Na huyo nitamfuata."

Si maneno matupu. Siku ya mnada alifunga karakana, akapanda gari na Sabiha na Magesa hadi huko ziwani. Walimkuta Florian kwenye chumba kipya, na foleni ya wavuvi na wake zao nje. Safari hii Twalha hakuja na kisu. Alisimama mbele ya foleni, akavuta shavu la kulia kwa kidole, akawaonyesha ufizi mtupu.

"Meno ya hapa alinitoa huyu," aliwaambia. "Yote yalikuwa mazima. Muulizeni kibali chake."

Florian alitoka akicheka, akasema mnamsikiliza mgonjwa wa akili. Zamani hapo ndipo taya lingefunga. Twalha alinyamaza, akaachia meno, akavuta pumzi mpaka tumboni. Kisha akarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, na akarudia tena, kwa kila aliyefika, mpaka mwenyekiti wa kitongoji akaja kuona kuna nini, na foleni ikabaki na mzee mmoja aliyekuwa hasikii vizuri.

Jioni walikula kwenye kibanda karibu na ufuko, sangara wa kukaanga na ugali. Twalha alitafunia upande wa kushoto, polepole. Sabiha alimtazama.

"Bado umekasirika?"

"Sana," alisema. "Kesho mwenyekiti kasema atampeleka kwa mtendaji. Nitakuja tena."

"Tutakuja," Sabiha alisema, akamsogezea kipande chenye nyama nyingi.